Mwongozo Kamili: Kushirikiana na Chuo Kikuu Hadi Utaalamu wa Maji na Usafi wa Mazingira Ubaki Tanga

Mwongozo huu ni wa viongozi na watumishi wa vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambavyo wengi tunaviita kwa kifupi chao cha CBWSO, pamoja na mamlaka ndogo za maji za mkoa wa Tanga. Malalamiko yanayosikika kutoka Muheza hadi Pangani ni ya namna moja: chuo kilikuja, wanafunzi wakapima visima na kuhoji kaya, kikao cha kuagana kikafanyika kwa picha nyingi, na baada ya hapo fundi aliyekuwa hajui kupima klorini ameendelea kutojua. Ripoti, kama ilirudi, ilirudi kwa lugha ambayo kamati haiisomi.

Chanzo cha kasoro hii ni makubaliano yanayoeleza chuo kitachunguza nini, lakini hayasemi ni mtumishi gani atakayeweza kufanya kazi gani pindi chuo kitakapoondoka. Chuo kinapimwa kwa tasnifu na machapisho, nacho hutimiza kile kinachopimwa. Ni wajibu wa chombo cha maji kuweka kipimo chake mezani mapema, na kipimo hicho ni kimoja: kazi ambayo mtumishi wenu hakuweza kuifanya peke yake kabla ya chuo kuja, na anayoweza kuifanya peke yake baada ya chuo kuondoka. Hatua zote zilizomo humu zinalenga hapo.

## Vinavyohitajika kabla ya kuanza

Msimwandikie mhadhiri yeyote kabla ya kuwa na vitu hivi mkononi:

- Cheti cha usajili wa chombo, orodha ya viongozi, na muhtasari wa kikao ulioridhia kutafuta ushirikiano.
- Daftari la usomaji wa dira kuu na dira za wateja kwa miezi 12. Ikiwa lina mapengo, lileteni hivyo hivyo. Msiyazibe kwa kukisia.
- Ramani ya mtandao wa mabomba, hata iliyochorwa kwa mkono, inayoonyesha chanzo, matanki, valvu na vituo vya kuchotea.
- Ndoo ya lita 20 iliyohakikiwa ujazo wake, futi ya kupimia ya mita 5, na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde.
- Kipima klorini cha kulinganisha rangi pamoja na vidonge vya DPD (dawa inayoyapa maji rangi kulingana na klorini iliyomo) ambavyo muda wake haujaisha. Kama hamna, kiwe kitu cha kwanza mtakachokiomba.
- Kabati linalofungwa kwa ajili ya vifaa na madaftari.
- Fungu dogo la fedha kwa ajili ya mafuta ya pikipiki, nauli na chakula cha siku za mafunzo.
- Miezi 12 kamili. Ushirikiano wa wiki nane huzaa ripoti, na ni nadra kuzaa fundi.

## Hatua ya 1: Geuzeni kero iwe swali lenye tarakimu

Barua nyingi huenda vyuoni zikisema “tuna tatizo la maji”. Mhadhiri akisoma hivyo, atachagua mwenyewe tatizo linalomfaa, na hapo ndipo mnapoanza kuwa watu wa kuhojiwa badala ya kuwa washirika. Swali lenye tarakimu humfunga yeye na ninyi pia.

Tuchukue mfano wa kubuni wa skimu moja ya mserereko (maji hushuka yenyewe bila pampu) kwenye vilima vya Muheza. Dira kuu inaonyesha uniti 3,000 kwa mwezi, yaani mita za ujazo 3,000, lakini wateja wametozwa uniti 1,900. Tofauti ni uniti 1,100, sawa na takriban asilimia 37. Kabla ya kusema “mabomba yamechakaa”, fanyeni vipimo viwili ambavyo havihitaji shahada.

Kwanza, ihakikini dira kuu. Fungeni valvu ya kutokea kwenye tanki, acheni maji yaingie, kisha mpime kina kinavyopanda. Tanki la mviringo lenye kipenyo cha mita 4 lina eneo la mita za mraba 12.57, kwa hiyo kina kikipanda sentimita 50, dira inapaswa kusoma karibu uniti 6.3. Ikisoma 8, dira inadanganya, na sehemu ya “upotevu” wenu haipo kabisa.

Pili, pimeni usiku. Fungeni valvu ya kuingizia tanki kuanzia saa saba hadi saa kumi usiku, wakati watu wamelala, na mpime kina kinavyoshuka. Kikishuka sentimita 12 kwa saa tatu katika tanki lile lile, zimetoka mita za ujazo 1.5, yaani nusu uniti kila saa. Kwa siku ni uniti 12, na kwa mwezi ni 360. Kwa kuwa presha huwa kubwa zaidi usiku na baadhi ya watu huchota hata saa hizo, tarakimu hiyo ichukuliwe kuwa ni kikomo cha juu cha mvujo.

Sasa tazameni kilichojitokeza. Mvujo wa mabomba unaeleza, kwa kiwango cha juu kabisa, uniti 360 kati ya 1,100. Uniti 740 zilizobaki zimo katika dira zilizochoka, vituo vya umma visivyoandika vinachotoa, maunganisho yasiyo halali, au hesabu za ankara. Kijiji kilichokuwa tayari kuomba mabomba mapya kimegundua kwamba kinahitaji zaidi mtu wa dira na mtu wa hesabu, na swali la kupelekea chuo limebadilika kabisa.

Tahadhari: tangazeni kipimo cha usiku mapema na hakikisheni tanki halikauki, hasa ikiwa zahanati inategemea mtandao huo.

Mmefanikiwa mkiwa na sentensi moja yenye tarakimu, tarehe na mahali, ambayo kila mjumbe wa kamati anaweza kuieleza bila karatasi.

## Hatua ya 2: Wateueni watu wawili kwa kila ujuzi

Mtu mmoja akifundishwa vizuri, mara nyingi hupata kazi mjini, na hilo ni jambo la kumpongeza, lakini ujuzi unaondoka naye. Kwa sababu hiyo kila ujuzi uwe na watu wawili: anayeufanya kila siku, na wa pili anayeufanya angalau mara moja kwa wiki.

Wateueni wale wanaogusa kazi yenyewe. Mwenyekiti ana heshima yake, lakini si yeye anayefungua valvu saa kumi na moja alfajiri. Wahudumu wa vituo vya kuchotea, ambao wengi wao ni akina mama, wanajua mtiririko wa maji wa kila saa kuliko mtu yeyote katika skimu, na bado huachwa nje ya mafunzo kwa kuwa hawana cheti. Huo ni upotevu wa ujuzi uliokwisha kuwapo.

Msimsahau mhasibu. Mamlaka ya Maji ya Tanga ilipotoa hatifungani ya kijani (hati ya kukopa fedha kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi ya mazingira) mwaka 2024, ikilenga kukusanya Sh bilioni 53.12, kilichowezesha wawekezaji kuikubali ni hesabu zinazokaguliwa na mpango wa mapato unaoeleweka, pamoja na mitambo. Chombo cha kijiji hakitauza hatifungani, lakini nacho kinahitaji mtu anayejua gharama halisi ya kuzalisha uniti moja.

## Hatua ya 3: Chagueni chuo kinacholingana na kazi

Jina kubwa la chuo halitoshi kuwa sababu ya kukichagua. Linganisheni swali lenu na kile ambacho chuo hufundisha kwa kweli.

Kwa mafundi na waendesha mitambo, anzeni na Chuo cha Maji kilichopo Ubungo, Dar es Salaam, kwa sababu kimejengwa kwa ajili ya kazi hizo. Kwa ufundi bomba wa awali, vyuo vya VETA vinatosha. Chuo Kikuu cha Ardhi kina wataalamu wa uhandisi wa mazingira na majitaka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina uhandisi wa rasilimali za maji, na ni miongoni mwa vyuo vinavyotoa shahada ya uzamili ya usimamizi shirikishi wa rasilimali za maji chini ya WaterNet, mtandao wa vyuo vya kusini na mashariki mwa Afrika ulioanzishwa mwaka 2000. Kwa udongo, misitu na kilimo kwenye vyanzo, Sokoine cha Morogoro ndicho kinachofaa. Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha imejihusisha sana na floridi, ambayo ni kero kubwa ya Arusha na Kilimanjaro kuliko ya pwani yetu.

Vyuo vya ng’ambo, kwa mfano taasisi ya IHE iliyoko Delft, Uholanzi, iliyoanza kufundisha wahandisi kutoka nchi mbalimbali mwaka 1957, vina maabara, maktaba na njia za kupata fedha ambazo sisi hatuna. Hata hivyo, ushirikiano na chuo cha ng’ambo peke yake ni dhaifu kwa chombo cha kijiji, kwa sababu mradi ukiisha hakuna mtu wa kumpigia simu. Takeni siku zote pande tatu: ninyi, chuo cha Tanzania, na chuo cha nje kikipatikana, huku mhadhiri wa Tanzania akiwa ndiye msimamizi wa kazi ya uwandani. Mhadhiri aliye umbali wa basi moja anaweza kurudi mwezi wa kumi na tatu.

## Hatua ya 4: Andikeni barua ya ukurasa mmoja

Barua iende kwa mkuu wa idara husika, na nakala kwa Meneja wa wilaya wa RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini. Kiini chake kinaweza kuwa hivi:

*“Chombo chetu kinazalisha uniti 3,000 kwa mwezi na kutoza uniti 1,900. Vipimo vya usiku vinaonyesha mvujo usiozidi uniti 360. Tunaomba ushirikiano wa miezi 12 wa kuwafundisha watumishi wanne, yaani mafundi bomba wawili na wasoma dira wawili, kutafuta na kupunguza upotevu uliobaki. Sisi tutatoa takwimu za miezi 12, watumishi hao kwa siku mbili kila wiki, na malazi ya wanafunzi wawili. Tunaomba mhadhiri msimamizi mmoja, wanafunzi wawili wa mafunzo kwa vitendo, na kipima klorini kitakachobaki kwetu.”*

Sababu ya kueleza mnachotoa ni kwamba chuo nacho kina shida yake: kila mwaka kinatafuta mahali pa kuwapeleka wanafunzi ambapo patakuwa na kazi ya kweli na takwimu za kweli. Mkiwa navyo, mna thamani mezani, na hampaswi kuomba kama wasio na kitu.

Subirini mwezi mmoja, kisha mpige simu. Mkipata jibu la “tutaona” mara mbili, nendeni chuo kingine.

## Hatua ya 5: Hati ya makubaliano iseme nani atajua nini

Hii ndiyo hatua inayoangusha wengi, kwa kuwa hati huletwa ikiwa imekwisha kuandikwa na chuo, na kamati husaini kwa kuona haya. Isomeni kifungu kwa kifungu katika kikao. Kama ipo kwa Kiingereza pekee, ombeni nakala ya Kiswahili yenye nguvu sawa. Hakuna mtu anayepaswa kubanwa na maneno asiyoyasoma.

Vifungu vitano visikosekane.

Kwanza, orodha ya ujuzi kwa majina ya watu. Isiandikwe “kujenga uwezo wa jamii”. Iandikwe kwamba ifikapo tarehe fulani, fundi wa kwanza na wa pili wataweza kuandaa dozi ya klorini, kupima mabaki yake na kuandika matokeo bila kusimamiwa.

Pili, vifaa vinavyobaki, pamoja na nani atanunua vidonge na kemikali mwaka wa pili. Kipima klorini kisicho na vidonge ni pambo la kabatini.

Tatu, takwimu. Nakala ya takwimu zote ghafi ibaki kwenye chombo katika daftari na katika faili la kompyuta linalofunguka. Matokeo yarudishwe kwa Kiswahili ndani ya miezi mitatu tangu kazi ya uwandani imalizike, hata kama tasnifu haijakubaliwa chuoni.

Nne, muda wa watumishi. Fundi anayefundishwa siku mbili kwa wiki lazima awe na mtu wa kushika zamu yake, la sivyo atakimbilia bomba lililopasuka na mafunzo yataishia hapo.

Tano, namna ya kuvunja makubaliano, kwa taarifa ya siku 30 kutoka upande wowote.

Tahadhari: kabla ya kusaini, mpelekeeni hati Meneja wa RUWASA wa wilaya. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, iliyoianzisha RUWASA, inaviweka vyombo vya jamii karibu na usimamizi wake, na makubaliano asiyoyajua meneja hukwama siku ya kwanza ya uwandani.

## Hatua ya 6: Vibali na taarifa za wateja

Watafiti kutoka nje ya nchi wanahitaji kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na hawaanzi kazi bila hicho. Utafiti unaogusa afya za watu, kama vile kuuliza kuhusu kuhara kwa watoto, hupitia pia kibali cha maadili, ambacho kwa nchi nzima hutolewa na NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu). Kisha barua ya utambulisho hupita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, halmashauri, kata na kijiji. Itengeeni safari hiyo wiki kadhaa kwenye kalenda.

Daftari la wateja lina majina, namba za simu na madeni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa hizo, na hata kama isingekuwapo, jirani hapaswi kujua deni la jirani yake kupitia mwanafunzi. Wapeni wanafunzi namba ya mteja, matumizi na eneo. Majina yabaki kwa mhasibu.

## Hatua ya 7: Kalenda ifuate mvua, si muhula

Mafunzo kwa vitendo ya vyuo vingi huangukia kati ya Julai na Septemba. Tanga, hicho ni kipindi baada ya masika, mito ikiwa imetulia na maji yakiwa maangavu. Mwanafunzi akipima mwezi Agosti ataandika kwamba maji ya kijito ni mazuri na dozi ya klorini inatosha, na ripoti hiyo itakuwa sahihi kwa Agosti na ya hatari kwa Aprili.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, huteremsha tope kutoka mashambani. Tope hula klorini na kuwaficha vijidudu, na ndiyo maana inashauriwa maji yawe chini ya NTU 5 (NTU ni kipimo cha ukungu wa maji) kabla ya kutiwa dawa, na ikiwezekana chini ya 1. Jiji la Tanga lenyewe, ambalo maji yake hutoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, linategemea kinachofanywa na wakulima walioko juu, katika misitu ya Amani. Umoja wa wakulima wa bonde hilo, UWAMAKIZI, umekuwa mshirika katika kulitunza. Maarifa ya wakulima hao kuhusu siku mto unapobadilika rangi ni takwimu halisi, na chuo kinapaswa kuwakalisha nao wanafunzi wake.

Kwa visima vya pwani, Pangani na Mkinga, kalenda ni nyingine. Huko kipimo muhimu ni chumvi, nayo hupanda mwisho wa kiangazi, mwezi Februari, wakati maji baridi ya ardhini yamepungua na bahari inasogea.

Kwa hiyo gaweni kazi hivi. Watumishi wenu wapime miezi yote 12, kila wiki siku ile ile, na mara mbili kwa wiki wakati wa masika. Wanafunzi waje Julai kuchambua kilichokusanywa, kuhakiki vifaa na kufundisha. Mhadhiri aje mara moja Aprili, hata kwa siku mbili, ayaone maji yakiwa katika hali yake mbaya. Kama makubaliano yanaruhusu safari mbili tu za mhadhiri, moja iwe hiyo.

Mmefanikiwa mkiwa na karatasi moja ya mwaka ambayo mstari wa tope na mstari wa mabaki ya klorini vimechorwa pamoja, na fundi anaweza kuonyesha kwa kidole wiki ambayo dozi ilipaswa kuongezwa.

## Hatua ya 8: Mafunzo yafanyike tankini: mfano wa klorini

Semina ya hotelini ina nafasi yake kwa mameneja. Kwa fundi, darasa ni tanki. Ninaeleza somo moja kwa ukamilifu ili muone kiwango cha kudai kutoka kwa chuo katika kila somo.

Tanki lina lita 10,000, na maji yanahitaji dozi ya miligramu 2 kwa lita. Klorini inayotakiwa ni 2 mara 10,000, yaani miligramu 20,000 au gramu 20. Lakini unga wa klorini ninaouzungumzia hapa una klorini asilimia 65 tu, basi gramu 20 zigawanywe kwa 0.65, na jibu ni karibu gramu 31. Fundi aiandike hesabu hii mwenyewe, kwa kalamu yake, mpaka aweze kuirudia kwa tanki la lita 5,000 na kwa unga wa asilimia 70.

Kisha afanye haya:

1. Avae glavu na miwani, asimame upande upepo unakotoka.
2. Ajaze ndoo ya plastiki maji kwanza, halafu atie unga kidogo kidogo huku akikoroga. Asimwagie maji juu ya unga.
3. Asubiri mashapo yatulie, amimine maji ya juu tankini, aache mashapo chini.
4. Asubiri dakika 30, apime mabaki ya klorini huru, yaani ile ambayo bado haijatumika. Yawe angalau miligramu 0.5 kwa lita.
5. Aende kwenye bomba la mwisho kabisa la mtandao, apime tena. Yasipungue 0.2.
6. Aandike saa, mahali, matokeo na jina lake.

Matokeo ya tankini yakiwa mazuri na ya bomba la mwisho yakiwa sifuri, kitu fulani njiani kinakula klorini: mara nyingi ni tope lililolala bombani au mpasuko unaovuta uchafu presha inaposhuka. Hapo ndipo mwanafunzi wa uhandisi na fundi mzoefu wanapofaana, mmoja akijua nadharia ya mtiririko na mwingine akijua mahali bomba lilipotengenezwa kwa mpira wa baiskeli.

Tahadhari: unga huu hupoteza nguvu kwenye joto na unyevu, na pwani yetu ina vyote viwili. Ndoo yake ifungwe vizuri, iwekwe pakavu, mbali na dizeli, mafuta na kemikali nyingine, kwa kuwa inaweza kuwasha moto. Vidonge vya DPD vilivyokwisha muda hutoa rangi hafifu na kumfanya fundi azidishe dozi bila sababu.

Utaratibu uwe wa mara tatu: mwanafunzi afanye fundi akitazama, fundi afanye mwanafunzi akitazama, kisha fundi afanye peke yake naye mwanafunzi asome daftari tu. Msiiruke mara ya tatu.

## Hatua ya 9: Usafi wa mazingira usiachwe nyuma

Karibu kila ushirikiano huanza na maji na kuahidi kwamba vyoo vitafuata. Mara nyingi havifuati, ilhali choo kibaya huharibu kisima kizuri.

Ombeni wanafunzi wachore ramani ya kila choo cha shimo kilicho karibu na chanzo, kwa GPS ya simu, wakiandika umbali, kina cha shimo na kina cha maji ya ardhini. Kanuni ya kuanzia ni mita 30 kati ya choo na kisima, na chini ya shimo pawe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Lakini upande wa Amboni na Kiomoni ardhi ni ya mawe ya chokaa yenye nyufa, ambamo maji husafiri haraka bila kuchujwa, kwa hiyo mita 30 hapo si kinga ya kutegemewa. Hili ni swali zuri mno kwa chuo, kwa sababu linahitaji vipimo na haliwezi kujibiwa kwa kunakili mwongozo.

Sampuli za bakteria wa E. coli ziwekwe kwenye ubaridi na kupimwa ndani ya saa 24, mapema zaidi ikiwezekana. Kiwango kinachokubalika katika maji ya kunywa ni sifuri kwa mililita 100. Sampuli iliyolala kwenye buti la gari tangu asubuhi haina maana.

Fuatilieni pia safari ya kinyesi baada ya shimo kujaa: nani huja kunyonya, kwa gari gani, na anamwaga wapi. Ongeeni na madereva wa magari hayo kwa heshima na bila kuwatishia faini, maana wao ndio wanaojua.

## Hatua ya 10: Mtihani wa kazini na kikao cha kijiji

Mwezi mmoja kabla ya makubaliano kwisha, watumishi wafanyiwe mtihani. Hauandikwi darasani. Mhadhiri na Meneja wa RUWASA wanasimama kando, fundi anapewa tanki lenye ujazo asioutarajia na unga wa nguvu tofauti, naye afanye kazi yote hadi kuandika matokeo. Msoma dira anapewa mtaa mmoja atafute dira iliyokwama. Mhasibu anatoa gharama ya uniti moja kwa mwezi uliopita. Asiyefaulu anaongezewa wiki mbili za mazoezi na kurudia, kwa gharama iliyotajwa kwenye hati.

Kisha matokeo yapelekwe kwenye mkutano wa kijiji, na msemaji awe fundi, si mhadhiri. Wananchi wanaolipia maji wana haki ya kuuliza, naye ndiye watakayemkuta kesho bomba likipasuka.

## Kuendelea au kuachana

Baada ya miezi mitatu tangu chuo kiondoke, fungueni daftari la klorini na la dira. Kama kurasa zimejazwa kila wiki na watu wawili tofauti, na maamuzi ya dozi yanabadilika kufuatana na mvua, andikeni swali jipya na muombe mwaka wa pili, safari hii kuhusu jambo gumu zaidi: bei ya maji, majitaka, au ulinzi wa chanzo. Chuo hicho hicho kikipewa swali la pili hufanya kazi bora zaidi, kwa kuwa kinawajua watu na ardhi.

Kama kurasa ni tupu, msiombe mwaka wa pili kwanza. Muulizeni fundi kilichomzuia. Ikiwa ni vidonge vilivyokwisha, nunueni vidonge. Ikiwa ni zamu mbili kwa mtu mmoja, gawanyeni zamu. Ikiwa hakuelewa, mpigieni simu mhadhiri wa Tanzania, arudi kwa siku moja tankini pamoja na fundi wa pili.

Na kama ripoti ya Kiswahili haijafika ndani ya miezi mitatu iliyoandikwa kwenye hati, mkuu wa idara aandikiwe barua yenye nakala kwa RUWASA, na kundi jingine la wanafunzi wa chuo hicho lisipokewe mpaka ripoti iwe imewekwa kabatini.